Tumbo la mwanafunzi wangu na daktari aliyerudi mara nne

Nyota 4 kati ya 5. Idara ya dharura na wodi ya upasuaji, hospitali ya misheni, Nyanda za Juu Kusini. Tulifika Jumatatu usiku mwezi wa saba, tukaruhusiwa Alhamisi mchana.

Jina la hospitali sitalitaja, kwa kuwa yapo ya kusifu na yapo ya kulalamikia, na waliokosea niliwaambia wao wenyewe kabla ya kuondoka. Mtoto naye nitamwita Zawadi, ingawa silo jina lake. Ana miaka 16, kidato cha tatu.

Mimi ni matroni wa bweni la wasichana, mwaka wa 14 sasa. Matumbo nimeyaona ya kila aina: ya hedhi, ya maharage yasiyoiva vizuri, ya hofu ya mtihani, ya kukumbuka nyumbani. Kwa hiyo Jumapili mchana Zawadi alipoacha sahani ya wali na nyama bila kuigusa, nilimwangalia mara mbili. Kwetu wali na nyama ni Jumapili tu, na mtoto wa bweni hauachi hivi hivi. Akasema hasikii njaa. Saa mbili usiku tumbo likaanza kuuma katikati, kuzunguka kitovu. Saa tano akatapika mara moja. Nikampa maji, nikalala naye chumba cha wagonjwa.

Jumatatu asubuhi nilimpeleka zahanati ya karibu. Wakampima malaria, hana. Wakampima mkojo. Wakampima taifodi kwa kile kipimo cha Widali cha kuchanganya damu na dawa kwenye kigae, wakasema ipo. Tukarudi na antibiotiki iitwayo ciprofloxacin, na vidonge vya kutuliza msokoto wa tumbo. Hakuna aliyemlaza kitandani akamshika tumbo. Hili ndilo linaloniuma mpaka leo, na mimi nimo, kwa sababu nilikuwa nimesimama pale na sikusema. Kipimo kile kinatafuta kinga ambayo mwili uliitengeneza, na kinga hiyo inaweza kuwa imebaki kutokana na ugonjwa wa zamani au mwingine kabisa. Taifodi yenyewe huthibitishwa kwa kuotesha damu maabara. Ni wasichana wangapi nimewarudisha bwenini na taifodi na UTI za karatasi, Mungu ndiye anayejua.

Jioni ile maumivu yakahama. Nisome vizuri hapo, mzazi au mwalimu mwenzangu: yalihama. Yalitoka kitovuni yakateremka upande wa kulia chini, na Zawadi akaweza kuyaonyesha kwa kidole kimoja. Akawa anatembea ameinama, mkono ubavuni, na ngazi za bweni alizishuka moja moja kama bibi. Nikampigia mwenye gari la Noah.

Saa mbili na nusu usiku tukafika mapokezi. Hapa naanza na lawama. Dirisha la malipo lilikuwa na mtu mmoja, akataka kwanza tulipie kufungua faili ndipo mgonjwa aguswe. Sikupinga kulipa. Nilipinga mtoto kukaa kwenye benchi la saruji, baridi ya Julai, dakika 35, huku anatapika kwenye mfuko. Hospitali inayojiandika mlangoni kwamba ni ya dharura saa 24 iwe na mtu wa kumtazama mgonjwa kabla ya mtu wa kuhesabu pesa.

Tangu daktari wa zamu alipotoka, mambo yakabadilika. Kijana, hajafika hata 30. "Shikamoo mama." Akamsalimia na Zawadi, akachuchumaa ili wawe sawa uso kwa uso. Swali lake la pili au la tatu lilinishangaza: "Njiani mmepita matuta. Alipokuwa anapita matuta, alifanyaje?"

Nikamwambia kila tuta alikuwa ananishika mkono anafumba macho, na dereva mwisho akawa anapita kwa mwendo wa kobe. Akaandika. Baadaye nimesoma kwamba swali lile lina utafiti nyuma yake: Uingereza, mwaka 2012, madaktari waliwauliza wagonjwa walioletwa kwa gari, na kati ya 34 waliothibitika kuwa na kidole tumbo (appendix iliyovimba), 33 walisema matuta yaliwazidishia maumivu. Matuta hayathibitishi ugonjwa, kwa sababu matumbo mengine pia huumia yakitikiswa. Ila mgonjwa akipita matuta bila kushtuka, kidole tumbo kinakuwa mbali zaidi kwenye mawazo. Kwa barabara zetu, sijui swali lingine la bure lenye faida kama hilo.

Kisha akamshika tumbo. Alianzia mbali, kushoto juu, polepole, huku akimwangalia usoni na siyo tumboni. Alipobonyeza kushoto chini, Zawadi akasema anasikia kulia. Alipofika kulia chini, theluthi moja hivi ya njia kutoka kwenye mfupa wa nyonga kuelekea kitovuni, mtoto akashika mkono wake. Akamwomba akohoe. Akamwomba anyooshe mguu wa kulia nyuma akiwa amelalia ubavu. Yote haya hayakutumia mashine wala umeme, na hayakuandikwa kwenye risiti.

Halafu akaniomba nitoke nje.

Nasema ukweli, sikupenda. Mimi ndiye mlezi pale, mzazi yuko mbali. Lakini aliniambia kwa adabu: "Mama, kuna maswali ya msichana lazima niulize peke yangu, na kuna kipimo cha mimba lazima nifanye. Majibu ni yake." Nilikaa nje na nesi wa kike akaingia. Katika shule zetu kipimo cha mimba kimekuwa kama upekuzi wa sanduku, majibu yanakwenda kwa mkuu wa shule kabla msichana mwenyewe hajayajua, na mimi nimekuwa sehemu ya utaratibu huo miaka mingi. Kwa daktari yule kilikuwa ni kipimo cha kuokoa maisha. Mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba ikipasuka huua kwa saa chache, na inaweza kuumia palepale kulia chini. Kifuko cha mayai kikijisokota, vivyo hivyo. Ndiyo maana kwa wanawake uamuzi ni mgumu kuliko kwa wanaume. Majibu hakuniambia, wala sikuuliza, na mpaka leo sijauliza.

Damu ikatoka: chembe nyeupe 9,800. Joto 37.6. Akarudi na karatasi akakaa kwenye kiti, hakusimama mlangoni, akanieleza hesabu yake. Kuna mizani ambayo daktari Alfredo Alvarado aliitoa mwaka 1986 akiwa Philadelphia, Marekani, jumla yake alama 10. Maumivu kuhama, 1. Kukosa hamu ya kula, 1. Kichefuchefu au kutapika, 1. Kuumia kulia chini pakibonyezwa, 2. Kuumia zaidi mkono unapoachiliwa ghafla, 1. Joto kupanda, 1. Chembe nyeupe kuzidi 10,000, 2. Na ile aina ya chembe nyeupe za kupambana na bakteria kuongezeka, 1. Zawadi alikuwa na 6. Chini ya 5 ugonjwa huu hauelekei kuwapo. Kuanzia 7 unaelekea kuwapo. Yeye yuko katikati.

"Sasa hivi sina sababu ya kutosha ya kumpasua, na sina sababu ya kutosha ya kumrudisha bwenini," akasema. "Atalala hapa, hatakula, tutamwekea dripu, na mimi nitamshika tumbo tena saa sita usiku. Kama ni kidole tumbo, kitajionyesha. Kama siyo, hilo nalo litajionyesha." Akaongeza kwamba ile dawa ya zahanati inaweza kuwa imeficha kidogo dalili, kwa hiyo hataamini namba za damu moja kwa moja.

Sikuwahi kusikia daktari akiniambia hana uhakika na mimi nikatulia kwa sababu hiyo. Wengi huogopa kulisema. Hupasua ili waonekane wamefanya kitu, au hukupa dawa ili uondoke. Huyu aliniambia ni nini hasa kitakachombadilishia mawazo, na saa ngapi atakitafuta.

Sasa lawama ya pili, na hii ni nzito. Zawadi alikuwa analia kwa maumivu na nesi wa wodi alikataa kumpa dawa ya kutuliza. "Atafunika dalili, daktari wa upasuaji hataona kitu." Alisema kwa nia njema, ndivyo alivyofundishwa, na zamani ndivyo vitabu vilivyosema. Lakini mafundisho hayo yameshapitwa: tafiti zimeonyesha kwamba kumtuliza mgonjwa hakumfanyi daktari akosee, na mgonjwa aliyetulia hata hupimika vizuri zaidi kwa sababu hakazi tumbo lote. Mtoto alikaa karibu saa mbili hivyo. Daktari alipopita akauliza mbona hajapata kitu, akaandika parasetamoli ya mshipa na sindano ya tramadol, na kabla ya nusu saa Zawadi akalala. Kulia chini palibaki panauma vilevile alipopabonyeza. Hospitali ambayo ina daktari wa namna hii isiache jambo hili litegemee nani yuko zamu.

Saa sita alikuja. Hali ile ile. Saa tisa akaja, nywele zimelala upande mmoja, akapasha mikono yake kwanza kwa kuisugua. Tumbo limeanza kukaza kidogo upande mmoja. Hakusema mengi, akaandika. Saa kumi na mbili asubuhi alibonyeza, akaachia ghafla, na Zawadi akapiga kelele ambayo mgonjwa wa kitanda cha tatu aliamka. Damu ikatolewa tena: 14,200. Sita, jumlisha moja, jumlisha mbili. Tisa.

Nataka msomaji alione hili kama nilivyoliona mimi. Mtoto yuleyule, ugonjwa uleule, kati ya saa tatu usiku na saa kumi na mbili asubuhi alitoka 6 hadi 9, na hakuna kilichobadilika ila muda, na mkono uliorudi mara nne. Angerudishwa bwenini zile namba za jioni zingekuwa ushahidi kwamba hana kitu.

Utrasaundi ndiyo iliyonipokonya nyota ya tano. Mashine ipo, nzuri, nimeiona. Mtu wa kuitumia usiku hayupo. Tukasubiri mpaka saa mbili asubuhi. Alipokuja alifanya kazi yake vizuri: vifuko vya mayai viko salama, figo ziko sawa, kuna maji kidogo chini kulia, kidole tumbo hakikuonekana kwa sababu ya gesi. Mimi kusikia "hakikuonekana" nikaanza kushukuru Mungu. Daktari bingwa wa upasuaji, mama wa makamo aliyekuwa ameshafika, akanisahihisha hapohapo. Kutoonekana siyo kusema ni kizima. Kama kingeonekana, kina unene unaozidi milimita 6 na hakibonyei chini ya kifaa, tungekuwa na jibu. Tusipokiona, tunabaki na tumbo la mgonjwa. Faida ya picha ile ilikuwa kuondoa yale mengine ya kike, na hiyo nayo ni kubwa.

Niliuliza kuhusu CT, ile picha ya mionzi ya kompyuta, maana mwalimu mwenzangu alinitumia ujumbe kwamba ndiyo ya uhakika. Kweli ni ya uhakika zaidi, akasema mama daktari, lakini iliyo karibu iko saa tatu kwa gari, mtoto ana alama 9, na mionzi kwa msichana wa miaka 16 siyo kitu cha kumpa bila sababu. Angekuwa bado na 6, na picha haisemi kitu, hapo angetufikiria rufaa.

Baba yake Zawadi ni dereva wa malori, alikuwa Tunduma kwenye foleni ya kuvuka. Tulimpata saa mbili na nusu. Simu ikawekwa sauti ya nje, manesi wawili wakiwa mashahidi, na mama daktari akaongea naye kama anaongea na shemeji yake. Baba akauliza swali ambalo wengi tungeliuliza: "Daktari, nimesikia siku hizi wanatibu kwa dawa tu. Kwa nini mwanangu akatwe?"

Hakumkatisha. Alimwambia ni kweli. Finland walijaribu, wakachapisha mwaka 2015: kati ya kila wagonjwa wazima 100 waliopewa antibiotiki peke yake, 27 walikuja kupasuliwa ndani ya mwaka mmoja, na walipofuatiliwa miaka mitano wakafika 39. Kwa hiyo wengi hawakupasuliwa. Lakini wale wote walipigwa CT kwanza, ikahakikishwa hakijapasuka na hakina kijiwe cha kinyesi ndani, kwa sababu chenye kijiwe hurudi zaidi. "Hapa sina CT, mzee. Na binti anaishi bweni, kikimrudia usiku wa manane wakati wewe uko Lusaka, tutaanza upya. Kama ungekuwa unaishi nami jirani na picha ninayo, tungezungumza. Kwa leo nashauri tukitoe." Baba akanyamaza kidogo. Akasema, "Fanyeni, mama. Nawakabidhi."

Kwa wanaouliza mbona hawakumkimbiza chumba cha upasuaji ile saa kumi na mbili: na mimi niliuliza, kwa sauti isiyo nzuri. Kuna utafiti wa Finland na Norway uliotoka mwaka 2023, wagonjwa zaidi ya 1,800, wa kidole tumbo ambacho hakijaonyesha dalili ya kupasuka. Waliopasuliwa ndani ya saa 8 na waliopasuliwa ndani ya saa 24 hawakutofautiana katika kupasuka kwa kidole hicho. Saa chache za kuanza antibiotiki, kupata idhini, na kumpata mtu wa nusu kaputi aliyelala usingizi wake, si uzembe. Siku nzima ya kuzunguka dirisha hadi dirisha ingekuwa uzembe. Na tumbo zima likikaza kama ubao, homa ikapanda sana, au kukiwa na usaha, hesabu hizi zote zinabadilika.

Saa nne kasoro akaingia, kwa sindano ya mgongo. Dakika 50. Mama daktari alitoka na kibakuli cha chuma akanionyesha: kitu chenye urefu wa kidole changu cha mwisho, kimevimba, chekundu, ncha yake imeanza kuwa nyeusi. Hakijapasuka. Nilikaa chini pale kwenye korido.

Wodi ni safi, blanketi zipo za kutosha, na manesi wa mchana ni wepesi. Jioni ile wakaanza kumuuliza kama ametoa hewa, na Zawadi akawa anajificha uso kwa aibu. Siku ya pili wakamtembeza, akapewa uji. Choo cha wauguzaji kiko nje, mbali, hakina taa, na usiku tulikwenda watatu watatu. Walirekebishe.

Gharama, maana najua mtauliza: kumwona daktari na vipimo vya usiku ule 48,000, utrasaundi 30,000, upasuaji pamoja na wodi na dawa 420,000. Kuna 50,000 ya kupeleka kile kidole tumbo kupimwa maabara ya patholojia mjini, na hii walinieleza kwamba ni hiari. Lipeni, nawashauri. Mara chache hukutwa uvimbe wa aina nyingine humo ndani, na maeneo yenye kichocho hukutwa hata mayai ya kichocho.

Karatasi ya kuruhusiwa ilikuwa na jambo ambalo sijawahi kuliona kwenye karatasi ya hospitali. Mama daktari alikuwa ameniuliza, "Bwenini maji wanapata wapi?" Nikamwambia bombani, mita 200, kwa ndoo. Akaandika kwa Kiswahili, herufi kubwa: ASIBEBE NDOO WIKI SITA. ASISUGUE SAKAFU. AKIPATA HOMA AU USAHA KWENYE MSHONO ARUDI SIKU HIYO HIYO. Ile karatasi nimeibandika chumba cha wagonjwa, na chini yake nimebandika yangu niliyoiandika mwenyewe: saa maumivu yalipoanza, yalianzia wapi, yamehamia wapi, amekula nini mara ya mwisho, njiani matuta yalimfanyaje. Mtoto akilalamika tumbo sasa naijaza, kisha naijaza tena baada ya saa tatu.

Nyuzi zilitolewa siku ya tisa. Majibu ya patholojia yalikuja wiki ya nne: kuvimba kwa kidole tumbo, hakuna kingine. Yule daktari kijana alinipigia mwenyewe kunisomea, kisha akaomba kuongea na Zawadi. Nikampa simu, nikatoka nje.